Mrejesho: muziki wa gari kwa laki moja na nusu

Wakuu, salaam. Niliomba ushauri kuhusu kigari changu kilichotoka Japani: sauti ya redio imekaba, besi hakuna, na mfukoni nina laki moja na nusu tu. Wengi mlisema nisiguse redio, nianze na spika za milango ya mbele. Mlikuwa sahihi.

Fundi alipofungua mlango tukakuta spika za karatasi, sumaku yake kama kizibo cha soda. Nimechukua za inchi 6.5, omu 4. Muuzaji Kariakoo alining'ang'aniza zilizoandikwa wati 500. Nikakataa, maana redio ya kiwandani hutoa wati kama 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika. Cha kuangalia ni desibeli, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu ileile. Zangu zina 91, kwa hiyo zinapaza hata kwa nguvu hiyo ndogo.

Kilichonishangaza ni mlango wenyewe. Tulikata pete za plaiwudi za kushikilia spika, tukaziba matundu ya bati la ndani kwa shiti za lami zenye foili. Besi ikatokea hapo hapo. (Plaiwudi ipakwe rangi, maji ya mvua huingia mlangoni.)

Aliyeuliza kuhusu stesheni za juu ya 90 FM, ambazo redio nyingi za Japani hazizifikii: ekspenda (kifaa cha kwenye waya wa antena) inashusha masafa vizuri hadi redio iyapate, ila nje ya mji inakwaruza kidogo. Spika za nyuma sijazigusa. Sabufa itasubiri bonasi, na mama watoto ameshasema hiyo bonasi ina kazi nyingine.