Tupeane uzoefu: kijana wako alishawahi kushikwa hapa Mtwara? Ilikuwaje?

Mchele wa Kitaya
Wadau, kwenye mkutano wa mtaa huku Magomeni mtendaji katuambia halmashauri inaandaa bajeti, kata zilete mapendekezo ya kuzuia vijana wasiingie kwenye uhalifu. Kimyaa. Mzee mmoja akasema "wachapwe", kikao kikafungwa. Humu najua kuna wazazi, wajomba, na wengine mlishapita huko wenyewe. Mwageni. Nani alisaidia, nani alizingua?

Salfa Kavu
Msimu wa korosho ndiyo wenyewe. Wazazi wako shamba Nanyamba, watoto wamebaki mjini na bibi. Dogo anaokota chini ya mikorosho ya watu, anapeleka kwa mtu wa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo, anapimiwa kwa bakuli, anapata hela ya chipsi na kubeti. Akishikwa ni yeye. Mnunuzi mnamsalimia "shikamoo".

Bibi Chikongola
Hapo kwenye shikamoo umenimaliza.

Mama Wawili
Huu uzi umenigusa pabaya. Mwanangu wa pili alimaliza la saba, sekondari hakwenda, akawa anashinda kwenye kivuko cha Msangamkuu akibeba mizigo ya watu. Miaka 14. Jioni moja napigiwa simu, "njoo, mwanao yuko chini ya mwembe na watu wana tairi". Nilitoka pekupeku. Nimefika, wamemvua shati, mikono imefungwa kwa kamba ya mbuzi, mtu anauliza nani ana petroli. Aliyekuwa anafungua tanki la bodaboda ni kijana ambaye kila asubuhi ananunua vitumbua kwangu. Hakuniangalia usoni. Mwenyekiti wa mtaa, mzee wa watu, ana pumu, akaenda akamkalia mtoto. Namaanisha akamkalia juu. "Mkiwasha, washeni wote wawili." Akakaa hapo anakohoa mpaka gari la polisi likaja. Na simu aliiba kweli, sitetei.

Kituoni wakaandika ana miaka 18. Nikasema 14, naambiwa mbona ana ndevu. Ndevu gani, masizi yale. Akalala na watu wazima usiku ule. Asubuhi nikarudi na kadi ya kliniki, imechanika lakini tarehe inasomeka. Dada wa ustawi wa jamii akaja kwa bodaboda, nauli nimelipa mimi, maana ofisini kwao mafuta hakuna. Akaongea, umri ukarekebishwa, wakamtenga na wakubwa. Mahakamani ilisikilizwa faragha, yule dada kakaa pembeni yake, akaachiwa kwa masharti chini ya uangalizi. Bila ile kadi sijui.

Kamba Kochi
Huyo mwenyekiti apewe udiwani leo hii!!

Mama Wawili
Aligombea. Kura za maoni zikamtupa.

Kamba Kochi
Aisee.

Wakili wa Barazani
Kwa wasiojua: Sheria ya Mtoto ya 2009, chini ya miaka 18 ni mtoto, hafungwi jela. Kosa likiwa zito anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, ile ya Irambo, Mbeya. Chini ya miaka 10 hana jinai kabisa. Afisa ustawi anatakiwa awepo mahakamani, na mzazi una haki ya kuwepo. Tunzeni kadi na vyeti vya kuzaliwa, acheni kufungia vitu dukani.

Mzaramo Halisi
Tatizo lenu huko ni jando. Mtoto wa miaka tisa anatoka porini kaambiwa keshakuwa mwanaume, mwalimu atamweleza nini?

Ntwana wa Newala
Wewe jando umeliona kwenye picha. Mimi nimekaa likumbi, kambi ya jando, tulifundwa kumpisha mkubwa njia na kutogusa cha mtu. Siku hizi Ijumaa hospitali, wiki ijayo yuko mtaani, mafunzo hakuna. Hapo ndipo palipoharibika.

Mzaramo Halisi
Kwa hiyo wezi wote wa Mtwara walitahiriwa hospitali?

Ntwana wa Newala
Na panya road, vibaka wenu wa Dar, walitahiriwa wapi?

Bibi Chikongola
Hamieni uzi wenu, wajukuu. Hapa pana bajeti.

Karani Mstaafu
Nilikaa kamati ya maendeleo ya kata. Mkifika kipengele cha vijana mnaambiwa ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Vizuri. Ila kijana wa mkopo anaanzia miaka 18. Mtoto wa Mama Wawili yuko wapi hapo? Shule hayupo, kikundi hawezi kujiunga. Serikali inamfahamu siku akishikwa. Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ipo, muhtasari wake umepigwa muhuri vizuri sana, nenda kawaulize wajumbe walikutana lini. Mimi ningeandika vitu viwili tu: mafuta ya ustawi, na ada ya ufundi kwa waliomaliza la saba wako mtaani.

Salfa Kavu
Mafuta ya ustawi yatanywewa na gari la mkubwa.

Kamba Kochi
Wapeni viwanja. Tulipochezea sisi pamejengwa fremu, sasa wote wapelekwe uwanja wa Nangwanda Sijaona?

Mkorosho Mkavu
Baada ya vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi kwenda Dar walitujia mtaani na daftari, vijana mnataka nini. Tukasema kazi. Hilo daftari kama yupo analo, alilete humu.

Babu Viboko
Mnazunguka. Fimbo ya mwanzi, basi.

Ntwana wa Newala
Babu, wewe ndiye yule wa mkutanoni Magomeni?

Babu Viboko
Na nitarudia.

Wakili wa Barazani
Mama Wawili, dogo yuko wapi sasa?

Mama Wawili
Gereji Kiangu, anajifunza kupuliza rangi. Fundi hamlipi ila mchana anakula pale. Anataka barakoa ya rangi, anakohoa. Nani anajua nzuri ni ipi?

Salfa Kavu
Chukua yenye vichujio viwili pembeni, viwe vya mvuke wa rangi, si vya vumbi tu. Za kitambaa hazizuii thina. Sisi wapuliza salfa, dawa ya mikorosho, tunazijua.

Babu Viboko
Ukikosa Sokoni niambie, ninayo moja ya msimu uliopita.