Eti "mapambo"! Bima wametoza ada juu ya vifaa, leo hawavilipi

Wakuu, ninaandika nikiwa bado kwenye maegesho yao, maana nikifika nyumbani nitakuwa nimepoa na sitaki kupoa.

Mapambo! Gari limevunjwa kioo, likang'olewa redio, amplifaya, sabufa na spika za milango yote minne, na rimu nazo zimeondoka, limebaki juu ya matofali. Asesa wa bima, yule wa kukagua hasara, kalizunguka mara mbili, kaandika, kafunga kalamu, kisha akaniambia mbele ya watu: "Hayo ni mapambo, hatulipi mapambo."

Sitawataja, mnawajua. Ni walewale ambao siku za kukata bima wanakupigia mpaka betri inaisha, siku ya madai wako kwenye kikao tangu jua linachomoza hadi linazama.

Sasa sikieni. Nilipokata bima kubwa walimtuma mtu wao kukagua. Akapiga picha rimu zote nne, mojamoja. Akafungua buti, akapiga picha sabufa. Akaniomba hadi niwashe muziki aone kama unafanya kazi! Thamani ya gari ikaandikwa ya juu kwa sababu ya vifaa hivyo, na ada ikakokotolewa kwa asilimia ya thamani hiyohiyo. Kwa hiyo wakati wa kunitoza sabufa ni mali, wakati wa kunilipa ni mapambo. Mapambo! Ua la plastiki ni pambo. Rimu ndiyo inayobeba tairi, ukiing'oa gari linakaa chini. Kesho watasema na usukani ni pambo kwa kuwa una kava.

Nikamwambia basi nilipeni hata redio ya kawaida. Akasema mkataba unalipia redio iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Sasa ile ya kiwandani niliitoa miaka mitatu iliyopita! Yaani ya kiwandani hawailipi kwa kuwa haijaibwa, na iliyoibwa hawailipi kwa kuwa si ya kiwandani. Walichokubali ni kioo peke yake, na kiasi ninachotakiwa kujilipia mwenyewe kwanza kinazidi bei ya kioo. Nimeondoka mikono mitupu.

Na huyo aliyesema mapambo, gari lake liko hapa mbele yangu. Lina keria juu na taa za ziada kwenye ngao.

Dada Usukani: Pole sana mkuu. Kwenye fomu ya maombi, pale wanapouliza kama gari limefungwa vifaa vya ziada, ulijaza nini?

Mleta uzi: Fomu alijaza wakala. Mimi nilisaini.

Spana 13: Hahahaha, uzi ufungwe! Umesaini karatasi hukuisoma halafu unatuita tuje kulia na wewe.

Mleta uzi: WALIPIGA PICHA. Sabufa iko kwenye picha zao wenyewe. Nani anakagua pambo na kuomba liwashwe?

Mzee wa Faili: Mkuu, usikate tamaa, nimekaa idara ya madai miaka mingi. Vifaa ulivyofunga mwenyewe vinatakiwa viorodheshwe kimoja kimoja na thamani zake, viingie kwenye mkataba kwa karatasi ya nyongeza. Bila hiyo mikataba mingi inaweka kikomo kidogo au inavitoa kabisa, hapo wamekushika. Lakini hizo picha usiziachie. Wajibu wa mkata bima kusema ukweli wote ulielezwa kwenye kesi ya Carter v Boehm, Uingereza, 1766, na humo aliyeshinda ni mkata bima. Jaji Mansfield alisema mtoa bima hawezi kudai amefichwa jambo analolijua au alilopaswa kulijua. Omba ripoti ya ukaguzi, ambatanisha risiti za vifaa, wakuandikie sababu ya kukataa na kifungu walichotumia. Wakikaza, peleka kwa mamlaka inayosimamia bima.

Spana 13: 1766 sabufa zilikuwepo?

Mzee wa Faili: Iliyokatiwa bima ilikuwa ngome huko Sumatra. Kanuni ni ileile.

Taa ya Kushoto: Mleta uzi una nafuu wewe. Mimi niliinua gari inchi mbili. Nimesimama kwenye taa nyekundu, mtu kanigonga kwa nyuma. Nikadai bima yangu, wakaandika "marekebisho hayakutajwa", dai lote likafa. Springi zangu zilimwita aje anigonge?

Spana 13: Gari likiinuliwa linabadilika hata kwenye kufunga breki, ndiyo maana wanauliza.

Taa ya Kushoto: NILIKUWA NIMESIMAMA.

Mama Bampa: Nyie mmekataliwa, mimi nililipwa na bado nalia. Gereji yao ilinifungia bampa la mtumba. Gari jeupe, bampa rangi ya maziwa yaliyolala. Nikiuliza naambiwa litafanana likipigwa jua.

Dada Usukani: Eti likipigwa jua! Dada yangu, usisaini kwamba umelipokea.

Mama Bampa: Nimeshasaini.

Spana 13: Huu uzi una watu wa kusaini jamani.

Mleta uzi: Tunaweza kurudi kwenye sabufa yangu?

Fundi Rangi: Mama Bampa, weupe uko wa aina nyingi, kuna wenye mng'ao wa lulu na usio nao. Angalia namba ya rangi kwenye kibati, mara nyingi kiko mlangoni au chini ya boneti, kisha tupia picha hapa.

Taa ya Kushoto: Fundi, na springi?