Mrejesho: Mdogo wangu na tembe za tramadol

Niliuliza hapa kama nimfiche mdogo wangu tembe za tramadol (dawa kali ya maumivu inayoweza kuleta uraibu) aache ghafla. Alipewa baada ya ajali ya bodaboda, mguu ukapona, yeye akaendelea. Asanteni mlionikataza.

Kumbe alikuwa akimeza kumi na mbili za miligramu 50 kwa siku, yaani 600, na kikomo cha kawaida ni 400. Daktari alisema kipimo kikubwa hivyo kinaweza kuleta kifafa, na kukatiza kwa mpigo nako kuna hatari yake. Kwa hiyo anapunguziwa polepole. Tembe nazishika mimi (sasa ananiita askari jela).

Ushauri nasaha ndio sikuutarajia. Nilidhani ni mahubiri. Mshauri alimpa daftari tu: kila hamu ikija, andika saa, uko wapi, unawaza nini. Wiki ya tatu tukaona mguu hautajwi kabisa! Ni jioni, akishuka matatu Eastleigh karibu na duka la dawa lililokuwa likimuuzia bila cheti, au Mama akiuliza habari za kazi. Sasa hushuka stejini mbele, atembee kurudi. Mama naye aliitwa kikao kimoja, akalia, akaacha maswali, au tuseme karibu ayaache.

Mwezi jana aliteleza siku mbili. Nilitaka kumfukuza nyumbani. Mshauri akasema tufungue daftari kwanza, na kweli, siku hiyo alikuwa amenyimwa kazi.

Leo yuko kwenye tembe tatu.