Binti yangu anakwenda kujitolea Moshi: siku zake zitapitaje hasa?

Mzazi wa Maryland

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 20, yuko mwaka wa pili wa chuo kikuu hapa Marekani, na amepata nafasi ya kujitolea kwa wiki nane katika shule ya msingi ya serikali iliyo nje kidogo ya mji wa Moshi, kuanzia mwanzoni mwa Juni. Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeondoka nyumbani mwaka 1999, na Moshi naifahamu kwa kuiona dirishani mwa basi nilipokuwa nikienda Arusha. Kampuni inayompeleka imetutumia kijitabu kizuri chenye picha za watoto wanaocheka huku mlima ukionekana kwa nyuma, lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaoeleza ataamka saa ngapi, atashika kazi gani asubuhi hadi mchana, atakula nini, na jioni atakaa na nani.

Kiswahili anakielewa, maana ndicho tunachozungumza nyumbani, ingawa mara nyingi hujibu kwa Kiingereza. Mama yake hofu yake ni malaria. Yangu mimi ni kwamba ataondoka hapa akidhani anakwenda kuokoa watu, kisha afike akute hakuna hata aliyekuwa akimsubiri. Ninaomba waliowahi kujitolea, au waliowahi kuwapokea vijana wa namna hii, wanieleze siku ya kawaida ilivyo, tangu kuamka hadi kulala.

Mwalimu wa Zamu

Karibu, ndugu mzazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Kilimanjaro na nimekwisha kufanya kazi na wanafunzi wa kujitolea mara kadhaa, kwa hiyo nianze na jambo ambalo wanaowaleta husahau kila mara, nalo ni tarehe. Shule zetu hufungwa mapema Juni na kufunguliwa mapema Julai. Binti akifika Juni atakuta madarasa yana makufuli, na pengine wanafunzi wa darasa la saba peke yao, ambao hubakizwa kwa masomo ya ziada kwa sababu mtihani wao wa taifa ni Septemba, na hao hakuna mwalimu mkuu atakayemkabidhi mgeni. Nusu ya wiki zake nane itapotea hivyo. Afadhali muombe aje Julai na Agosti.

Shule ikiwa wazi, kabla ya saa moja asubuhi watoto wako uwanjani na fagio za chelewa, wengine wamebeba maji kutoka nyumbani, kisha huja gwaride, wimbo wa taifa, ukaguzi wa kucha na sare, na matangazo ya mwalimu wa zamu. Vipindi huanza saa mbili, uji ni saa nne, na alasiri watu hutawanyika. Mgeni hafundishi peke yake siku ya pili. Wiki ya kwanza hukaa dawati la nyuma, akapewa azimio la kazi na andalio la somo ili aone mwalimu mwenyeji amefika wapi, na kazi yake kubwa huwa kusahihisha madaftari, jambo ambalo katika darasa la watoto 80 humla mtu mchana mzima.

Lugha ya kufundishia katika shule yetu ni Kiswahili, na hapo binti yako ana mtaji ambao wenzake wengi hawana. Kijana mmoja alitujia akiwa amechangisha fedha kwa rafiki zake ili apake rangi ukuta. Mwalimu mkuu alimshukuru, kisha akamwonyesha watoto kumi na mmoja wa darasa la tatu ambao herufi zilikuwa bado hazijawakaa. Alikaa nao kibarazani kila siku baada ya uji, kwa kadi alizozikata kutoka kwenye maboksi ya biskuti, na kabla hajaondoka saba kati yao walikuwa wakisoma sentensi nzima kwa sauti, wakifuatisha kwa kidole. Ukuta ulipakwa rangi baadaye na fundi wa kijijini, ambaye kwa kweli anajua kupaka rangi kuliko yeye.

Kuna jambo moja ambalo naona bora nikuambie mapema kuliko alikute. Viboko bado vipo. Kanuni zinasema ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na visizidi vinne, lakini wewe umesoma nchi hii na unajua kanuni na uwanja wa shule vinavyoachana. Wageni wengi hulia siku ya kwanza wanapoviona. Akiona asilolipenda asimkabili mwalimu mbele ya watoto. Aingie ofisini kwa mwalimu mkuu, afunge mlango, aseme. Nimeona mgeni mmoja akisikilizwa kwa njia hiyo, na mwingine aliyepiga kelele uwanjani akakosa mtu wa kukaa naye ofisi ya walimu hadi siku aliyoondoka.

Aliyerudi Leicester

Shikamoo mzee. Mimi nilizaliwa Leicester kwa wazazi wa Mombasa, na nilijitolea Moshi kwa wiki saba nilipokuwa chuoni, katika shule ya aina hiyohiyo. Nami niliondoka nikiamini Kiswahili ninacho. Nilipofika nikagundua kuwa Kiswahili changu kilikuwa cha mtu aliyezoea kuamrishwa: vaa viatu, zima taa, njoo ule, usinijibu. Sikujua namna ya kumwomba mwalimu mwenzangu chaki bila kusikika kama ninamfokea, na siku nilipowaambia watoto wa darasa la tatu kwamba wananitia wazimu, walicheka hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia, maana walikuwa wamesikia sauti ya mama zao ikitoka kwa mgeni. Maneno ya darasani, kama irabu, kizio, na kutoa kwa kuchukua, niliyaandika kiganjani kila asubuhi. Tena kwetu mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo maisha yangu yote nilikuwa mtoaji wa shikamoo. Watoto waliposimama kwa pamoja siku ya kwanza na kuniamkia, niliwajibu shikamoo. Zilipita siku tatu kabla marahaba haijaanza kunitoka bila kusita.

Mwambie abebe sweta. Huku tunaiita safari ya kiangazi, kumbe Julai Moshi ni kipupwe, na nilikaa karibu wiki mbili bila kuuona mlima wenyewe kwa sababu ya mawingu. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja na nusu, naoga maji ya ndoo, nakunywa chai na kipande cha kiazi kitamu, kisha natembea dakika arobaini kwenda shuleni pamoja na watoto wa jirani, ambao walinifundisha njia za mkato za katikati ya migomba.

Ambalo hakuna aliyenieleza ni saa za alasiri. Kuanzia saa tisa hadi magharibi sikuwa na kazi, bando la intaneti lilikuwa likiisha kabla ya Jumatano, na wiki ya kwanza nililala kitandani nikihesabu siku zilizobaki. Kisha nikaanza kukaa jikoni, lile jiko la nje la kuni, nikimenya ndizi pamoja na mkaza mwana wa nyumba ile. Siku ya kwanza nilimenya bila kupaka mafuta mikononi, utomvu ukanishika, na vidole vyangu vilikaa vyeusi hadi Ijumaa. Wanafunzi walivitazama wakati nikiandika ubaoni na wakajua kila kitu. Lakini ni jikoni pale nilipopata habari ambazo ofisi ya walimu haikuwa nazo: kwamba yule mvulana anayekosa shule kila Alhamisi anachuma kahawa kwa babu yake, na kwamba dada yake halali darasani kwa uvivu bali huamka usiku kumgeuza bibi mgonjwa. Baada ya hapo sikumwita tena mbele ya wenzake anaposinzia.

Kuhusu malaria, mama asiwe na wasiwasi uliopita kiasi: nilimeza vidonge, nililala ndani ya chandarua, na sikuugua. Tumbo lilinisumbua siku mbili, na hilo lilitokana na maembe, kosa likiwa langu.

Mama wa Kibosho

Baba, amani kwako. Nimepokea wasichana watano nyumbani kwangu kwa miaka tofauti, na nitasema ya nyumbani tu, ya shule mwalimu ameyamaliza. Mgeni wetu anakula tunachokula: mtori asubuhi ya Jumamosi, machalari, makande, wali siku ya Jumapili. Asilazimishwe kumaliza sahani, ila asikatae kabla ya kuonja. Nguo za nje tunafua pamoja, za ndani afue mwenyewe na kuzianika chumbani. Magharibi isimkute barabarani, na akichelewa apige simu, kwa maana mimi siwezi kula wakati mtoto wa mwenzangu yuko nje.

Fedha ndizo zinazoleta ugomvi. Wazazi hulipa huko ng'ambo wakadhani zote zimenifikia, na mimi hupokea sehemu ndogo, tena mwishoni mwa mwezi. Muulizeni anayempeleka ni kiasi gani kinachofika kwa mwenyeji, na mtakachoambiwa mniambie au mmwambie mama atakayempokea. Zawadi alete ndogo, ya nyumba nzima. Peremende za kugawa njiani asilete kabisa, kwa kuwa watoto watamfuata kila siku na siku zitakapoisha watamzomea.

Binti mmoja nilikwenda naye kanisani, na baada ya ibada ukaanza mnada wa sadaka nje ya mlango kama kawaida yetu. Alinunua mayai matatu kwa shilingi 5,000. Njiani alikuwa amenuna, akiona kwamba ametozwa kwa sababu ni mgeni. Nikamwambia yale mayai yaliletwa na bibi mmoja asiye na fedha ya kutia kapuni, na watu hupandisha bei makusudi ili sadaka ya bibi iwe kubwa. Hakusema kitu. Jumapili iliyofuata alimtafuta yule bibi mwenyewe, akakaa naye benchi moja.

Mpenda Utaratibu

Nyote mmesema vizuri, lakini hakuna aliyegusa karatasi. Viza ya kawaida ya dola 100 ambayo raia wa Marekani hulipia ni ya matembezi, na haimruhusu mtu kufanya kazi hata isiyo na malipo. Anayejitolea huhitaji kibali, na kibali cha ukaazi daraja C ndicho kinachowahusu wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Kampuni iseme kwa maandishi ni nani anayekiombea na lini. Kwa kuwa shule ni ya serikali, muulizeni pia kama halmashauri imetoa barua. Akipitia nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya au Ethiopia, na kusubiri uwanjani zaidi ya saa 12, atadaiwa cheti cha chanjo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa aiache nyumbani, imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mzazi wa Maryland

Ninawashukuru sana. Nimeipigia simu kampuni leo asubuhi: kuhusu likizo ya Juni walikuwa hawana habari, wamekubali kuzisogeza tarehe hadi Julai na Agosti, na kuhusu kibali wameomba wiki moja wanijibu, nami nimewaambia sitalipa salio hadi nikione. Swali la fedha ya mwenyeji limewafanya wakae kimya kidogo, kisha wakasema watanitumia barua pepe. Mama Kibosho, nitakuandikia watakachosema.

Binti amesoma majibu yote, mengine mara mbili. Mama yake amenunua ndizi mbichi katika duka la Walatino hapa jirani, na sasa hivi wako jikoni. Mafuta ya mikononi wameyasahau wote wawili.