Wanafunzi wanaganda mbele ya simu ya video ya Kiingereza, tufanyeje?

Mwl_Rungwe: Habari za jioni wanajukwaa. Kidato cha pili, wanafunzi 38, kompyuta moja na projekta. Kila Jumatano saa kumi jioni wanaongea kwa video na mwalimu wa kujitolea aliyeko Uingereza, dakika 40. Kuandika wanajitahidi, ila wakiitwa mbele ya kamera wanainamisha vichwa, na walio nyuma wanacheka. Sasa wanasema hiki kipindi hakina faida kwa sababu mtihani ni wa kuandika. Ni mtazamo wao, au tunakosea sisi?

Mdau_Mafinga: Pole na kazi, Mwalimu. Watoto hao wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, na wanayemwogopa si Mwingereza, ni mwenzao wa dawati la nyuma. Zima projekta. Waite wanne wanne, dakika kumi kila kundi, wengine wakiwa na kazi chumba cha pili. Hivyo makundi manne yanapita kwa siku, na ndani ya wiki tatu darasa zima limeongea. Kundi la kwanza wajichague wenyewe.

Usiwape swali la "jitambulishe", linaisha kwa sentensi mbili. Mtoto ashike parachichi, aeleze anavyojua kwamba limekomaa na lichumwe vipi lisichubuke. Hapo yeye ndiye mjuzi, na mgeni anauliza kwa sababu kweli hajui. Ajiandae kwa mdomo. Akiandika, atasoma tu. Na mgeni asimkatize kila kosa: aandike matatu, ayaseme mwishoni.

Fundi_Uyole: Kabla ya kulaumu watoto, sikilizeni sauti yenyewe. Maiki ya kompyuta ikiwa mita mbili kutoka kwa msemaji inabeba mwangwi wa chumba, mgeni anasema "rudia", mtoto anadhani amekosea Kiingereza. Maiki ikae shibiri moja kutoka mdomoni. Mvua ya huko ikipiga bati, hakuna kifaa kitakachosaidia: hamieni chumba chenye dari. Dirisha liwe mbele ya mtoto, likiwa nyuma uso unakuwa kivuli.

Mtandao ukilegea, zimeni kamera yenu, ya mgeni ibaki, maana midomo yake ndiyo wanayojifunzia. Sauti peke yake inahitaji kama kilobiti 80 tu kwa sekunde, picha ni mara nyingi zaidi. Tena sauti huchelewa kidogo njiani, kwa hiyo wafundisheni kutulia kidogo kabla ya kujibu, wasigongane.

Mdau_Mafinga: Nakazia hapo kwa Fundi. Mtandao ukibana, sauti nyembamba kama "s", "f" na "th" ndizo hupotea kwanza, hivyo "think" na "sink" zinasikika sawa. Hizo, pamoja na l na r, fundisha wewe mwenyewe ana kwa ana, kila mmoja na kioo kidogo. Asiyezitofautisha atataka kusema wali, "rice", atamke "lice", yaani chawa, na kicheko kinaanzia hapo.

Mwl_Rungwe: Asanteni sana. Na hoja ya mtihani niwajibuje?

Mdau_Mafinga: Usiwadanganye, mtihani ni wa kuandika kweli. Kesho yake waandike insha ya kile walichosema kwa mdomo. Wakiona aya mbili zimetoka bila kukuna kichwa, watakuja wenyewe.

Fundi_Uyole: Jambo moja: Uingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Saa kumi yenu ni saa saba mchana kwao wakati wa baridi, na saa nane wakati wa kiangazi. Mkumbusheni mgeni wiki moja kabla, watoto wasikae wakitazama kioo kitupu.