Mjadala: Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri iende kwa vijana wanaotengeneza gemu?

Mleta mada, Sakina

Wakuu, kuna hoja naisikia kwa wachalii wanaomaliza Chuo cha Uhasibu (IAA) pale Njiro na Chuo cha Ufundi hapa Arusha mjini. Wanataka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri hutenga kisheria (nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu) ianze kukopesha na vikundi vya kutengeneza gemu. Wanasema mkopo hauna riba, bodaboda zimeshajaa barabarani, na mji wenye wachoraji na watu wa kompyuta waliokaa bure hauna sababu ya kuishia kucheza gemu za wengine.

Mimi ni mtu wa fani hiyo. Mchana nachora ramani na picha za kampuni za utalii, usiku niko kwenye Blender na Godot, programu za kuchora picha za 3D na kutengeneza gemu. Na bado nasema hapana, si kwa njia hii.

Mkopo unataka kitu kinachozunguka. Kuku wa nyama wiki ya sita wako sokoni, umeuza, umerejesha, umeingiza vifaranga wengine. Gemu ndogo ya simu ikifanywa na watu watatu wenye shughuli zao nyingine, mwaka unakatika, na siku inatoka inaweza kupakuliwa na ndugu na marafiki basi. Rovio ya Ufini ilitoa gemu 51 kabla ya Angry Birds mwaka 2009. Hizo 51 wewe unazirejeshea halmashauri na nini?

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hata gemu ikiwa nzuri, hakuna pa kupitishia hela. Mchezaji wetu ni kijana wa kidato cha tatu, simu yake imejaa video za WhatsApp, bando lake ni la siku, na ana mia tano kwenye M-Pesa. Ya kwenye laini ya simu, si ya benki. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa ipo, ila nani ataitengeneza kwa ajili ya gemu ya mia tano? Ukisema usimtoze, umwekee matangazo, tangazo linaloonekana Ngarenaro hulipwa kiduchu ukilinganisha na lile linaloonekana Marekani. Google wakikata asilimia 15 yao kwenye dola milioni 1 ya kwanza ya mwaka, hiyo sina ugomvi nayo. Ningependa tu niwe na cha kukatwa.

Tazameni kampuni ya Carry1st ya Cape Town. Ilianza na gemu zake yenyewe, ikageukia kuchapisha za wengine na kuhangaika na namna Waafrika wasio na kadi watakavyolipia. Januari 2022 ikapata dola milioni 20 za wawekezaji. Hela ndefu ilimfuata aliyeshughulika na malipo. Kwa hiyo ukiniambia halmashauri inunulie vijana watano kompyuta, mimi naona watano wenye deni.

Mwanachuo, Njiro

Kaka, kwa heshima zote, umeongea kama mtu ambaye tayari ana kompyuta.

Godot bure, Blender bure, Unity nayo ya kutengeneza gemu bure mpaka uingize dola 200,000 kwa mwaka, na huko sisi hatujafika. Kujiandikisha duka la Google ni dola 25 mara moja. Sawa. Lakini laptop ya mtumba yenye kadi ya picha ya maana inakimbilia milioni mbili, na mimi nimejifunza uhuishaji kwenye mashine ya chuo ambayo saa kumi na mbili jioni maabara inafungwa. Nyumbani, kwenye mashine dhaifu, nikitaka kutoa (render) video ya sekunde kumi naiacha usiku kucha, TANESCO wakikata saa nane naanza upya asubuhi. Huo ndio ukuta wa kwanza. Hayo ya malipo tutakutana nayo tukishakuwa na cha kuuza.

Halafu Kamerun umeiruka. Olivier Madiba na wenzake walianza mradi wa gemu ya Aurion mwaka 2003, studio yao ya Kiro'o Games pale Yaoundé ikafunguliwa 2013, na gemu ikatoka 2016. Umeme wao nao ulikuwa wa kukatikakatika kama wetu. Wangesubiri kila kitu kinyooke wangekuwa bado wanasubiri.

Mwenye banda la PS, Ngarenaro

Niseme ya kwangu mimi ambaye hizo mia tano zinapita mkononi.

Banda langu la PS (PlayStation) lina TV tatu. Ni mpira tu, labda na mieleka kidogo. Chalii anaingia, analipa, anachagua Arsenal au Real Madrid, anacheza. Kinachoniua si malipo, ni pedi za kuchezea. Kile kidude cha kushoto cha kukimbilia kinalegea, mchezaji anakuwa anatembea peke yake kuelekea kona, halafu kesi inaletwa kwangu. Na umeme ukikatika dakika ya 80 mmoja anaongoza, hapo utanihurumia.

Sasa ninyi mnabishana gemu iuzwe vipi kwenye simu. Mbona hamji huku? Nileteeni gemu ya watu wawili, isiyotaka intaneti, ichezwe dakika kumi, iwe na matusi ya kistaarabu ya kitaa, daladala za Kwa Mrombo, mgambo wa soko la Kilombero wanaokimbizana na machinga. Nitaiweka kwenye TV moja. Nikiona foleni, tunagawana. Mimi hela nakusanya taslimu tangu asubuhi, sihitaji kadi ya mtu.

Mama wa Kijenge

Wanangu, nimewasoma. Ila mnapoongelea banda, na mimi niseme. Mwanangu aliaga anakwenda kucheza gemu, kumbe pembeni ya hilo banda kuna zile mashine za kutumbukiza sarafu. Ada ya tuisheni ikaishia humo. Mkiomba fedha za umma kwa jina la gemu, wazazi wengi hatutofautishi, na diwani wetu naye hatatofautisha. Mkopo huo una wamama wa mbogamboga wanaousubiri mwaka mzima.

Mwenye banda la PS, Ngarenaro

Mama shikamoo. Hizo mashine ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, zina leseni zao na watoto hawaruhusiwi. Kwangu hazipo. Ila nakubali kwa majirani zipo, na mtoto hakaguliwi kitambulisho.

Mchangiaji, Soweto, Moshi

Huku Moshi sisi tulikuwa na wazo la bao. Mnajua lenyewe: mashimo 32, kete 64, kila mmoja ana kete 22 mkononi wakati wa namua, hatua ya kuziingiza ubaoni, zikiisha mnaingia mtaji, hatua ya kucheza na zilizoko ubaoni tu. Picha zake ni chache, megabaiti chache, simu yoyote inabeba. Hakuna haja ya laptop ya milioni mbili. Tukasema tutawauzia wazee wa vijiweni na Watanzania walioko nje, ambao kadi wanazo.

Kilichotukwamisha ni kumfanya kompyuta awe mpinzani wa maana. Zamu moja kete zinaweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla hazijalala, na mashine yetu ilikuwa inacheza kama mtoto aliyeonyeshwa jana: inafumua nyumba yake, lile shimo la kete nyingi, mapema na kuachia kete zote. Tulimpelekea mzee mmoja pale Majengo, akaifunga huku anazungumza na simu. Tulihitaji mtu aliyesoma hayo mambo, na watu hao wapo, Tengeru pale chuo cha Nelson Mandela wanafundisha. Hatukuwa na cha kumlipa. Hapo hela ndogo ya halmashauri ingetuvusha.

Mleta mada, Sakina

Nawajibu kwa pamoja.

Mdogo wangu wa Njiro, Kiro'o ndiyo mfano wangu, sijauruka. Hawakukopa kwa mtindo huu unaoutaka. Waliuza hisa kwa wawekezaji, wengi wao watu wa kawaida waliowafikia kwa mtandao, na 2015 wakachangisha karibu euro 50,000 kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela za miradi. Mwenye hisa akipata hasara ananuna, yanaisha. Hapa kikundi kikishindwa, mnadaiwa wote watano na kata nzima inajua. Ukiniambia halmashauri ichukue hisa, au itoe ruzuku ndogo ya kujaribia gemu ya kwanza, nasaini leo. Kanuni za mkopo huu hazikutungwa kwa biashara inayofeli mara nyingi ndipo ipate moja.

Wa Moshi, bao zuri, ila tayari kuna mabao kwenye simu, na kanuni za mchezo hazina mwenyewe. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watakusajilia michoro yako na muziki wako. Akija mwingine na bao lake kesho, huna la kumfanya.

Mwenye banda, wewe umenigusa. Ila hiyo PS yako haikubali gemu ya mtu wa kitaa bila mkataba na Sony. Itabidi kompyuta iwekwe kwenye ile TV.

Mwenye banda la PS, Ngarenaro

Basi ileteni hiyo kompyuta. TV inayo tundu lake.

Niliyekaa kwenye kamati ya mikopo ya kata

Nimekaa pembeni nasoma. Hakuna mahali nilipowahi kuona gemu imekatazwa. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi, mnapita kwa afisa maendeleo ya jamii. Sisi hatukuwa tunauliza kama tunaipenda biashara. Tulikuwa tunauliza: mwezi wa kwanza wa marejesho mtalipa na nini? Vijana wengi waliokuja na kompyuta walikwama hapo.

Mwanachuo, Njiro

Tutalipa na kazi za kampuni za utalii. Video, nembo, picha za hoteli kabla haijajengwa. Kazi kama anazofanya kaka mleta mada. Mashine ni zilezile. Banda la huyu kaka nalo tunaliingiza kwenye andiko, gemu ya wawili kwenye TV moja, tuone.

Mleta mada, Sakina

Hapo sina pingamizi, lakini mmeshaomba kitu kingine. Hiyo ni karakana ya michoro, iandikeni hivyo hivyo, kamati itawaelewa na marejesho yatapatikana. Msiandike gemu.

Mwanachuo, Njiro

Tukiandika michoro, afisa akija kukagua atataka kuona michoro, na mteja wa hoteli atataka yake kesho asubuhi. Wewe mwenyewe kaka mchana unachora ramani za watalii. Ile yako ya usiku imefika wapi?

Mleta mada, Sakina

Iko hatua ya pili kati ya kumi, tangu mwaka juzi. Haya, njooni na andiko tulipitie. Na huyu wa Ngarenaro aje, hesabu za foleni anazo yeye.