Japani kwa treni siku 30: pasi ya siku 21, pasi ya siku 14 au tiketi mojamoja?

Ratiba_Kavu

Wakuu, swali la "ninunue JR Pass au nisinunue", yaani pasi ya kupanda treni za JR (kampuni za reli za Japani) kwa siku kadhaa, halijibiki kabla hujachora njia. Naweka hesabu mbili hapa, wajuzi mnikosoe.

Tangu Oktoba 2023 pasi ya nchi nzima, daraja la kawaida, ni yen 50,000 kwa siku 7, yen 80,000 kwa siku 14 na yen 100,000 kwa siku 21. Kabla ya hapo ya siku 7 ilikuwa yen 29,650, ndiyo maana ushauri wa zamani mitandaoni unasema "nunua bila kufikiri". Ushauri huo umeshakufa.

Njia ya kwanza ni ya mstari. Unatua Tokyo na kuondokea Fukuoka, hurudi ulikotoka. Nauli za siti ya kubuku, kwa kukadiria: Tokyo–Kanazawa 14,400, Kanazawa–Toyama–Takayama 6,500, Takayama–Nagoya 6,200, Nagoya–Kyoto 5,500, Kyoto–Hiroshima 11,500, Hiroshima–Hakata (kituo cha Fukuoka) 9,500, Hakata–Nagasaki kwenda na kurudi 12,500. Jumla ni kama yen 66,000 kwa mwezi mzima. Pasi ya siku 21 hapa ni hasara ya zaidi ya elfu 30.

Njia ya pili ni ya kwenda na kurudi. Tokyo hadi Sapporo na kurudi ni kama 56,000, Tokyo–Kyoto 14,000, Kyoto–Hiroshima 11,500, Hiroshima–Kagoshima 18,500, halafu Kagoshima hadi Tokyo kama 30,000. Hiyo ni 130,000. Hapo pasi inalipa, na ya siku 14 inalipa zaidi ukiweza kuzibana safari ndefu zote ndani ya wiki mbili. Siku 16 zinazobaki unakaa Tokyo mwanzoni na mwishoni, ambako pasi hata hivyo haiingii kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo Metro wala Toei.

BehewaNambaTano

Hesabu ya pili naikubali, ila watu wengi huivuruga kwenye kuanza. Siku za pasi ni za kalenda, zinafuatana, na zinahesabiwa usiku wa manane hadi usiku wa manane. Ukiianza saa 2 usiku uwanja wa ndege, siku ya kwanza imeliwa na safari ya yen elfu tatu ya kwenda mjini. Kuibadili hati uliyonunua kabla ya safari kuwa pasi si sawa na kuianza pasi: unapobadili unataja tarehe ya kuanza, ndani ya mwezi mmoja mbele. Badili mapema foleni ikiwa fupi, anza siku ya safari ndefu ya kwanza.

La pili ni Nozomi, moja ya aina za Shinkansen, treni za mwendo kasi. Pasi ya nchi nzima inakupa Hikari, Kodama na Sakura bure. Nozomi na Mizuho unaongeza pesa kila unapopanda: Tokyo–Kyoto yen 4,960, Tokyo–Hiroshima yen 6,500. Hikari ya Tokyo–Kyoto huchukua kama saa 2 na dakika 40, Nozomi kama saa 2 na robo. Dakika 25 kwa yen 4,960, kila mtu apime mwenyewe. Kwa Hiroshima ni tofauti, maana Hikari nyingi kutoka Tokyo huishia Shin-Osaka au Okayama, kwa hiyo unabadili treni Shin-Osaka au Shin-Kobe uingie Sakura.

Na Ratiba_Kavu, ule mstari wako una kasoro. Anayetoka Dar, Nairobi au Muscat hupitia Ghuba au Addis. Emirates inatua Narita, Haneda na Kansai ya Osaka. Ethiopian inatua Narita. Fukuoka utaondokaje bila kuunga ndege nyingine? Weka Hakata–Shin-Osaka, kama yen 15,500, kwenye jumla yako. Tayari uko kwenye 81,500.

Mama_Tiketi

Msigombane, hapo ndipo pasi za kanda zinapoingia.

JR si shirika moja, ni kampuni sita za abiria, na kila moja ina pasi zake. JR West ina Sanyo-San'in Area Pass ya siku 7 kwa yen 23,000. Inafunika Shinkansen ya Shin-Osaka hadi Hakata, pamoja na Nozomi na Mizuho bila nyongeza yoyote, na siti unabuku. Kwa hiyo Kyoto–Hiroshima, Hiroshima–Hakata na Hakata–Shin-Osaka, ambazo mojamoja ni 36,500, unazipata kwa 23,000. Chukua jumla ya Ratiba_Kavu, toa 21,000 za vipande viwili vya kwanza, ongeza 23,000: yen 68,000, na unaondokea Osaka.

Ratiba inayoenea humo: siku ya 1 Kyoto hadi Himeji, unaona ngome, jioni unalala Hiroshima. Siku ya 2 Miyajima. Siku ya 3 Hakata. Siku ya 4 hadi 6 Nagasaki na kurudi, ambayo unalipa pembeni kwa kuwa ni reli ya JR Kyushu. Siku ya 7 Hakata hadi Shin-Osaka. Usiisukume kurudi siku ya 8, itakugharimu hiyo 15,500.

Mtego mmoja unawanasa karibu wote. Kipande cha Kyoto hadi Shin-Osaka cha Shinkansen ni mali ya JR Central, na pasi ya JR West haikifuniki, japo treni ni ileile na kiti ni kilekile. Panda Shinkaisoku, treni ya kawaida ya haraka, kutoka Kyoto hadi Shin-Osaka kama dakika 25, halafu ingia Shinkansen hapo. Ukipita geti la Shinkansen Kyoto na pasi hiyo, geti linafunga, na mtumishi atakutoza nauli ya kipande hicho.

Asiyefika Kyushu achukue Kansai-Hiroshima Area Pass, siku 5 kwa yen 17,000. Kyoto–Hiroshima kwenda na kurudi peke yake ni 23,000, kwa hiyo hakuna la kujadili. Lakini ukienda upande mmoja tu, inabidi uongeze Nara na Himeji ndipo ifike 17,600 hivi. Hapo unaokoa pesa ya chai tu.

Bei za pasi hizi hubadilika, mara nyingi Machi au Oktoba. Angalia ukurasa wa kampuni yenyewe wiki unayonunua.

Mpwani_Tz

Kuna mwenye kuijua hii tiketi ya Seishun 18? Naona yen 12,050 kwa siku 5, mbona ni rahisi hivyo?

Jukwaa14

Rahisi kwa sababu hupandi Shinkansen wala treni yoyote ya haraka ya kulipia. Ni treni za kusimama kila kituo na zile za haraka zisizo na ada ya ziada. Tokyo hadi Osaka ni kama saa 9, unabadili Atami, kisha Hamamatsu au Toyohashi, kisha Ogaki na Maibara, na pale Maibara watu hukimbilia viti kama daladala ya Mbagala saa 12 jioni. Tangu majira ya baridi ya 2024 siku zinafuatana, 3 kwa yen 10,000 au 5 kwa yen 12,050, na haigawanywi tena kwa watu wawili. Huuzwa misimu mitatu tu: majira ya kuchipua, kiangazi na baridi. Kwa mwenye begi moja la mgongoni inafaa. Kwa mwenye sanduku, aachane nayo.

Njia wasiyoitaja wengi ni tiketi ya karatasi ya kawaida. Tiketi ya Shinkansen ni vitu viwili: joshaken, yaani nauli ya umbali, na tokkyuken, yaani ada ya mwendo kasi. Joshaken ya zaidi ya kilomita 100 inaruhusu kushuka njiani, kutoka getini, kulala na kuendelea, mradi usirudi nyuma na siku zake zisiishe. Tokyo–Hiroshima ni kilomita 894, kwa hiyo ina siku 6. Joshaken hiyo ni kama yen 11,900. Ukikata Tokyo–Kyoto na Kyoto–Hiroshima kila moja peke yake unalipa kama 8,400 na 6,600, jumla 15,000. Tofauti ni kama yen 3,100, na unachobadilisha ni maneno tu dirishani: joshaken moja Tokyo hadi Hiroshima, tokkyuken mbili, ya kwanza ikiishia Kyoto.

Pale unaposhuka njiani, geti litameza tokkyuken na kurudisha joshaken. Ichukue! Watu huondoka wakidhani geti limemaliza kazi, tiketi inabaki imetokeza ulimi.

Ila ruhusa hiyo haipo ukinunua kwa Smart-EX, programu ya simu ya Shinkansen ya Tokyo hadi Kagoshima. Smart-EX faida yake ni punguzo la Hayatoku kwa wanaobuku siku 3, 7 au 21 kabla, na kubadili muda bila ada kabla treni haijaondoka. Siti za Hayatoku ni chache na zina masharti yake. Kwa Tokyo–Kanazawa, Tohoku na Hokkaido ni Eki-net, si Smart-EX.

Ratiba_Kavu

Mama_Tiketi umenishinda, 68,000 naipokea. Sasa mizigo. Masanduku mawili ya kilo 23 kila mtu yanapandaje?

BehewaNambaTano

Pima urefu, upana na kimo, ujumlishe, pamoja na magurudumu na mpini. Kwenye Shinkansen za Tokaido, San'yo na Kyushu, jumla ikizidi sentimita 160 lazima ubuku siti yenye nafasi ya mzigo mkubwa, zile za nyuma kabisa ya behewa. Haina ada ukiibuku. Ukiingia bila kubuku ni yen 1,000. Ikizidi 250 halipandi. Kikomo cha ndege nyingi ni sentimita 158, kwa hiyo sanduku lililopita kaunta ya ndege bila faini linapita na huku. Wanaokamatwa ni wenye mabegi ya nguo yale ya kufumuka, yaliyoondoka Dar na 155 yakarudi na 170.

Lakini masanduku mawili kwa mtu mmoja ni mateso hata yakiwa madogo. Kituo kama Nagoya treni inasimama dakika moja au mbili. Tuma moja kwa takkyubin, huduma ya kusafirisha mizigo hadi mlangoni. Mapokezi ya hoteli wanajaza fomu, unalipa kati ya yen 2,000 na 3,000 kulingana na ukubwa na umbali, na linafika kesho yake. Kati ya visiwa vya mbali weka siku mbili. Kwenye njia hii litume kutoka Tokyo moja kwa moja hadi hoteli ya Kyoto, uende Kanazawa na Takayama na begi dogo la siku nne. Mambo matatu huharibika: jina kwenye fomu halifanani na la hoteli, hujaandika tarehe ya kuingia hotelini, au umetuma kwenye nyumba ya kupanga isiyo na mapokezi, ambako dereva anarudi na mzigo. Dawa, pasipoti na chaja zisiwe humo.

MuscatLink

Kuhusu tarehe. Watanzania na Wakenya wanahitaji viza, na ombi lina fomu ya ratiba ya kila siku na mahali pa kulala. Chora njia hii kabla ya kwenda ubalozini, si baada. Viza ya matembezi hutolewa kwa siku 15, 30 au 90, kwa hiyo "mwezi" wa siku 31 ukiwa na ruhusa ya 30 ni kosa la kisheria. Weka siku 28 upumue. Na pasi usinunue kabla ya viza kutoka: hati ina miezi mitatu ya kubadilishwa, na kurudisha hukatwa.

Kubuku siti hufunguliwa mwezi mmoja kabla, saa 4 asubuhi ya Japani. Hiyo ni saa 10 alfajiri Dar na Nairobi, saa 11 alfajiri hapa Muscat. Treni nyingi hazihitaji kuamka muda huo. Inayohitaji ni Sunrise, treni ya kulala inayoondoka Tokyo saa 3:50 usiku na kugawanyika Okayama alfajiri, nusu kwenda Takamatsu, nusu Izumo. Sehemu ya zulia, inayoitwa Nobinobi, mwenye pasi ya nchi nzima halipi nyongeza, ndiyo maana inaisha kwa dakika chache. Vyumba unalipia ada ya mwendo kasi na ya chumba.

Epuka tarehe 29 Aprili hadi 5 Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Nyakati hizo Nozomi zote ni siti za kubuku tu.

Mpwani_Tz

Na kadi ya kugusa ya mjini? Nimeona Welcome Suica haina amana.

Mama_Tiketi

Haina amana, ila ya plastiki inakufa baada ya siku 28, na salio halirudishwi. Kwa safari ya siku 30 itakuachia siku mbili za mwisho bila kadi, tena Osaka. Chukua ICOCA au Suica ya kawaida yenye amana ya yen 500. Zinapokelewa miji yote mikubwa, lakini usiguse geti la Tokyo ukatokea eneo la kampuni nyingine kwa treni za kawaida, mfano kuvuka Atami kuelekea Shizuoka. Geti la mwisho litakataa, ulipe taslimu kwa mtumishi na upewe karatasi ya kufuta safari ile kwenye kadi. ICOCA hurudishwa eneo la JR West na Suica eneo la JR East, kwa hiyo anayeondokea Osaka achukue ICOCA. Inakatwa yen 220 kwenye salio, basi limalize kwanza konbini (maduka madogo ya mtaani) hadi libaki sifuri, amana yote inarudi.